Mashine Mbili Kwenye Sufuria Moja

Nyie vinyozi wa siku hizi mna raha, na raha yenyewe hamuijui. Mnachomeka waya ukutani, mashine inaunguruma, redio inaimba, kichwa kinageuzwa huku na huku, mteja huyo anaondoka. Mjukuu wangu ana kibanda cha kunyolea karibu na stendi. Juzi nilikwenda kumtembelea nikamwona anapitisha mashine ileile kwenye vichwa vya watu mfululizo, anaipulizia spiriti tu na kuendelea. Nikamuuliza, "Hii ni ya nani?" Akacheka. "Babu, ni ya saluni." Sikumgombeza. Ila niliporudi nyumbani nilivuta bati langu la biskuti chini ya kitanda, nikakaa nalo mapajani muda mrefu. Swali lile, hii ni ya nani, ndilo lililokuwa kazi yetu yote.

Mimi nilikuwa kinyozi Dodoma mjini enzi za Mwingereza, miaka ile baada ya vita kuu ya pili, katika duka la Bwana Jivan karibu na stesheni ya reli. Bwana Jivan alikuwa Mhindi, kinyozi mtoto wa kinyozi, mfupi, mwepesi wa hasira na mwepesi zaidi wa kusamehe. Alinipokea nikiwa mtu mzima mwenye mke. Wembe wa kukunja, ule mrefu wa kinyozi, nilijua kuutumia tangu kwetu. Lakini alinikataza kuugusa mpaka nijue mashine.

Mashine ninayosema si hii yenu. Ilikuwa kitu cha chuma cha kushika kwa mkono, mpini mwembamba na kichwa kidogo juu yake. Ndani ya kichwa unaweka wembe wenye makali upande mmoja tu, upande wa pili una mgongo mnene. Unafunga kifuniko, springi inausukuma mgongo, na vikucha viwili pembeni vinauzuia usitoke mbele. Meno yaliyo chini ya makali yanailinda ngozi. Ukiziona kumi mezani utasema zote ni moja, na hapo ndipo Bwana Jivan alipokuwa anacheka mpaka anakohoa.

"Ndahani," ataniambia, "fumba macho. Hii ipi?"

Ataifunga sikioni kwangu, tak. Nami nilitakiwa niseme. Zile za zamani kidogo zilikuwa na kifuniko kinachochomoka kabisa kutoka kwenye bawaba, na sauti yake ni nzito. Za baadaye kifuniko hakitoki, unazungusha kitako cha mpini kinafunguka chenyewe, na sauti yake ni kali. Nyingine meno yake ni marefu na yameachana, hizo zinafaa ndevu za wiki nzima. Nyingine hazina meno, zina ukingo mnyoofu, na ukimnyolea mtu mwenye vipele utajuta. Vikucha navyo hutofautiana. Kuna vifupi vya pembe nne na kuna vilivyopinda kama ukucha wa kuku, na wembe uliozoea hivi ukiuweka kwenye vile utacheza. Wembe ukicheza umekwisha, wewe na mteja wako.

Nilianza kwa kuogopa, nikaishia kwa kupenda. Nikawa nakusanya. Mzungu wa reli akihama, nilikwenda mnadani kwake nikitafuta kopo la vitu vya bafuni. Wenzangu wananunua viti na vyandarua, mimi nanunua mashine iliyochubuka nikeli mpaka shaba inaonekana. Mke wangu alisema nimerogwa na chuma. Labda.

Sasa niwaeleze ubao. Ukutani dukani kulikuwa na ubao mrefu uliopigiliwa misumari, na kila msumari ulining'iniza mashine ya mteja mmoja. Watu wa Dodoma wakati ule, awe Mgogo, awe Mrangi wa Kondoa, awe Mnyamwezi wa reli, hakuna aliyekubali kunyolewa na chuma kilichogusa damu ya mtu mwingine. Nywele zako na damu yako ni wewe mwenyewe. Ukiziacha ovyo umejiacha ovyo. Bwana Jivan alisema yeye haamini mambo hayo, lakini biashara ni kumpa mtu anachotaka. Basi kila mteja wa kudumu alileta mashine yake, tukaifunga uzi wa rangi yake shingoni, tukaitundika. Mteja akifa, watu wake huja kuichukua.

Hapo ndipo wanapoingia wazee wawili.

Mzee Ramadhani alikuwa Mrangi, mchuuzi wa ng'ombe, mrefu, ndevu zake amezipaka hina mpaka zinawaka. Tulikuwa tunamnyoa kichwa na mashavu, na kuzikata ndevu zenyewe pembeni zikae sawa. Mzee Chiwanga alikuwa Mgogo mwenzangu, naye mchuuzi wa ng'ombe, masikio yametobolewa, kidevu hakina hata unywele mmoja aliouacha siku mbili. Fahali wawili hawakai zizi moja. Hawa waligombania kisima kilichokuwa njia ya Hombolo, kila mmoja akidai ng'ombe wake wanywe kwanza, na maneno waliyotoleana mbele ya watu siwezi kuyaandika. Hawakusalimiana tena. Hata dukani kwetu, mmoja akiwa kitini mwingine atapita moja kwa moja kama haoni mlango.

Na mashine zao zilikuwa pacha. Walizinunua duka moja, kabla hawajagombana, zile za kifuniko kinachochomoka. Meno yaleyale, vikucha vilevile. Mimi niliyejisifu kuzijua kwa sikio, hizo mbili zilinishinda. Tulizitofautisha kwa uzi tu. Mweusi ni wa Ramadhani, mweupe ni wa Chiwanga.

Mzee Ramadhani akaugua tumbo, akafariki. Mjini yakaanza maneno ya chini chini: Chiwanga ana mkono katika kifo hicho. Wana wawili wa marehemu, Idi na Saidi, hawakusema kitu hadharani, na hilo ndilo lililotutisha. Walituma ujumbe kwamba watakuja siku ya kuondoa tanga. Kwao ilikuwa desturi mwana mkubwa anyolewe kwa mashine ya baba yake siku hiyo, kwa kinyozi wa baba yake, kisha mashine iende nyumbani ikae na urithi.

Asubuhi ya siku hiyohiyo akaingia Bwana Afya.

Alikuwa Mzungu kijana, kaptula imepigwa pasi mpaka inasimama. Mjini palikuwa na mapunye, watoto vichwa vyote madoa, na yeye alikuwa anazunguka kwa vinyozi wote. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: alichosema kuhusu kuchemsha vyombo kilikuwa kweli, na mpaka leo nakifuata. Lakini alikuwa na haraka. Aliutazama ule ubao na nyuzi zake, akaona uchafu mtupu.

"Chemsha zote," akasema. "Sasa hivi. Mimi nangoja."

"Bwana," Bwana Jivan akamwambia, "moja moja. Mimi iko chemsha moja moja."

"Zote."

Akazitungua mwenyewe. Nilimwona anazikusanya kwa mikono miwili, nikapiga hatua mbele, Bwana Jivan akanishika shati. Sufuria kubwa ilikuwa jikoni kwa maji ya moto. Zikaingia zote, na za kifuniko cha kuchomoka zikaachana humo humo, vifuniko kivyake, vichwa kivyake. Tukasimama watatu tukiangalia maji yanavyochemka. Alipotosheka alitupa mkono, akatutakia siku njema, akaenda kwa kinyozi mwingine.

Tulipoyamwaga maji yalikuwa ya rangi ya chai. Nyuzi zilizobaki zote zilikuwa na rangi ile ile, na nyingine zimefunguka, ule mweusi na ule mweupe zikiwemo.

Nikaanza kupanga. Jasho lilikuwa linanitoka lakini mikono ilijua kazi yake. Hii ya karani wa reli, kitako chake kina pengo. Hii ya mpishi wa Bwana Shauri, Mzungu wa wilaya, jino la tatu limepinda. Hii, hii, hii. Bwana Jivan akawa anafunga sikioni na kuitikia kwa kichwa. Zikarudi msumarini moja baada ya nyingine mpaka mezani vikabaki vichwa viwili na vifuniko viwili.

Tuliviangalia. Tukavigeuza. Nikafunga kifuniko kimoja kwenye kichwa kimoja, nikabadilisha, nikabadilisha tena. Tak, tak. Kwa kusikiliza sana niliweza kujua kifuniko kipi kinakaa vizuri na kichwa kipi. Lakini ya nani ni ya nani, hapana.

"Bwana Jivan, wewe unajua?"

Akatikisa kichwa. Mikono yake ilikuwa inatetemeka. "Toa moja tu," akasema kwa sauti ndogo. "Sema hii ya baba yenu. Nani tajua?"

Sitaki mfikiri alikuwa mwongo. Alikuwa na watoto sita, na duka lililojengwa kwa mbao, kibiriti kimoja kingelimaliza. Lakini mimi niliwaza: nikitoa isiyo yenyewe, Idi atanyolewa kichwa cha urithi kwa chuma cha mtu anayesemwa kamuua baba yake. Siku itakayojulikana, na mji huu hakuna kisichojulikana, watasema Chiwanga alitununua tuwamalize na watoto. Na damu itakayomwagika haitatoka kwa Bwana Afya.

Sikupata nafasi ya kumjibu. Idi na Saidi walikuwa mlangoni.

"Shikamoo, Bwana Jivan. Shikamoo, kaka Ndahani. Tumekuja kwa ile kazi ya mzee."

Idi alikuwa na kanzu nyeupe, Saidi na fimbo ya kuchungia. Bwana Jivan alirudi nyuma hatua moja. Basi nikasema mimi. Nikawaambia yote, Bwana Afya, sufuria, nyuzi, na kwamba hizi mbili moja ni ya baba yao na nyingine ni ya Mzee Chiwanga, na kwamba hatujui ipi ni ipi.

Saidi akauliza taratibu, "Mmeichemsha mashine ya baba pamoja na ya yule?"

"Ndiyo."

"Na hamjui?"

"Hatujui."

Akaigonga fimbo sakafuni mara moja. Idi hakusogea. Aliuangalia ubao, akaangalia meza. "Kaka," akaniambia, "wewe ni Mgogo. Huyo ni mtu wenu. Nikuamini vipi?"

Neno lile liliniuma, naumia hata nikiliandika. Nilikuwa nimemnyoa baba yake miaka. Kabla sijajibu nikasikia mlangoni, "Mbukwenyi!", salamu yetu Wagogo. Alikuwa Mzee Chiwanga. Siku yake ya kunyolewa ilikuwa hiyo, na safari hii hakupita moja kwa moja.

Hakuna aliyemwitikia. Alisimama na shuka lake begani, akatusoma nyuso. "Nimesikia kutoka nje," akasema. "Mnasema kwa nguvu."

"Ondoka, mzee," Saidi akasema. "Ondoka kwa usalama wako."

Mzee Chiwanga akapita katikati yao, akakaa kitini. Alivua shuka, akaliweka magotini, akaegemeza kichwa nyuma mpaka koo likawa wazi kabisa.

"Wanangu," akasema, "najua mnayoambiwa. Mimi na baba yenu tuligombana kwa ajili ya maji. Nilimtukana na yeye akanitukana, na nilikuwa nangoja aje kuniomba radhi ili na mimi nimwombe, na wote tukawa wajinga mpaka akafa. Kumuua sikumuua. Ndahani, chukua yoyote katika hizo. Kama ni ya marehemu na nina mkono katika kifo chake, chuma hicho kitanijua. Ninyoe."

Maji yalikuwa bado yanadondoka kutoka kwenye sufuria.

Mnaelewa nilichowekewa mkononi? Tone moja la damu, hata la kipele, lingekuwa hukumu. Na mashine zenyewe zimetoka kuachana, vifuniko nimevioanisha kwa sikio. Kama nimekosea kidogo tu, wembe utacheza, na ukicheza kooni hakuna atakayeuliza habari za bawaba. Bwana Jivan aliangalia mikono yake, akaniangalia mimi. Nikajua ni yangu.

Nilichukua wembe mpya. Nikauweka, nikafunga, tak. Haikunipendeza. Nikafungua, nikabadilisha kifuniko, nikafunga tena. Hapo nikausukuma wembe kwa kidole gumba, kwenye kona ya kikucha, kuona kama unatikisika. Haukutikisika. Ndivyo Bwana Jivan alivyonifundisha, na mnapokuwa na chombo chochote chenye makali fanyeni hivyo, msiamini macho. Nikapaka povu, nikaanza.

Shavu la kulia. Unavuta ngozi kwa kidole gumba cha kushoto, unalaza kichwa cha mashine mpaka kifuniko kiguse kwanza, ndipo unashuka. Usikandamize. Uzito wa chuma unatosha. Idi alikuja kusimama karibu sana, nikasikia pumzi yake. Shavu la kushoto. Mdomo wa juu. Mzee Chiwanga alikuwa amefumba macho, koo lake halikumeza hata mate. Nikaanza shingo, kutoka chini kwenda juu, kwa vipande vidogo, nikimwomba Mungu wangu na wa Bwana Jivan na wa Idi kwa pamoja.

"Damu!"

Alikuwa Saidi. Kwenye povu jeupe, chini ya taya, palikuwa na doa jekundu, na lilikuwa linaenea. Idi akanishika mkono wa mashine, akanibana mpaka mfupa ukauma. Makali yalikuwa yamelala juu ya koo la mzee. Angenisukuma kidogo tu.

Sikujua damu imetoka wapi. Nawaapia, niliamini nimemkata, na nusu yangu iliamini chuma kimemjua.

Mzee Chiwanga hakufumbua macho. "Idi," akasema, midomo ikisogea kidogo sana, "futa povu, uangalie."

Idi akaniachia. Alichukua taulo mwenyewe, akafuta taya, akafuta shingo, akainama akaipapasa ngozi kwa vidole kama mtu anayetafuta mwiba. Akafuta tena. Ngozi ilikuwa safi, haina hata mkwaruzo. Ndipo aliponiangalia mkono wa kushoto. Kidole gumba changu kilikuwa kimepasuka kwenye ncha, pale nilipousukumia wembe, nami kwa woga sikuwa nimesikia maumivu yoyote.

"Ni yako," akasema.

"Ni yangu."

Akaendelea kukiangalia kile kidole. Kisha akachana kipande cha upindo wa kanzu yake nyeupe, ile kanzu ya siku ya tanga, akanifunga. "Malizia," akasema. Na sauti yake ilikuwa imebadilika.

Nilimalizia. Mzee Chiwanga aliposimama walikuwa uso kwa uso yeye na wale vijana, na hakuna aliyejua la kufanya na mikono yake. Bwana Jivan, Mungu amrehemu, ndiye aliyetuokoa. Alikimwagia maji kichwa cha Idi kutoka kwenye kopo na kusema, "Mwenzako akinyolewa, zako tia maji." Mzee Chiwanga ndiye aliyecheka kwanza. Saidi akaiweka fimbo pembeni. Nikamnyoa Idi kwa ile mashine nyingine, polepole, na yule mzee alikaa kwenye benchi mpaka mwisho, akasimama nyuma ya wale vijana wakati wa dua, kichwa ameinamisha.

Idi aliondoka na aliyonyolewa nayo. Ya Mzee Chiwanga ikarudi msumarini. Kisima nacho kikapata zamu, leo hawa kesho hawa, na niliwahi kumkuta Saidi akimbebea yule mzee chumvi ya ng'ombe.

Miaka ikapita. Siku moja bawaba ya mashine ya Mzee Chiwanga ikawa nzito, nikaamua kutoa springi niipake mafuta. Jambo hilo sikuwahi kulifanya kwenye mashine yake. Chini ya springi, mahali ambapo hata maji ya kuchemka hayakufika vizuri, palikuwa na ukoko mkavu wa sabuni ya zamani. Niliukwangua kwa msumari, nikausogeza dirishani kwenye mwanga. Ulikuwa na rangi ya hina.

Nikakaa chini. Kumbe miaka yote ile nilikuwa namnyoa Mzee Chiwanga kwa mashine ya Ramadhani, na hakuwahi kutoka na hata mkwaruzo. Niliipangusa, nikaipaka mafuta, nikairudisha msumarini. Hata Bwana Jivan sikumwambia.

Mzee Chiwanga alifariki kwa uzee, amelala. Hakujaliwa mtoto, nikawa najiuliza nani atakuja kwa ajili ya ile mashine. Wiki ile ile wakaja Idi na Saidi, nao sasa watu wazima wenye ndevu zao. Idi alikuwa na kitambaa mkononi, akakifungua juu ya meza. Ndani yake ilikuwa ile waliyoondoka nayo siku ya tanga.

"Kaka Ndahani," akasema, "hatukujua siku ile ipi ni ya baba, na mpaka leo hatujui. Kwa hiyo tumeona tuwe nazo zote mbili. Yule mzee naye lazima awe na wa kumnyolea tanga."

Niliitungua msumarini. Nikafunga kifuniko, tak, kwa mara ya mwisho, nikaishika kwa muda kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Kwenye bati langu la biskuti nina mashine za kila namna, na vijana mkija nitawaonyesha tofauti zake zote, vikucha, meno, bawaba, mpaka mchoke. Hiyo haimo. Niliiweka kwenye kitambaa cha Idi kando ya pacha wake, nikamwambia, "Haya, mpeleke nyumbani."